Sakafu Chini ya Mchanga Mwekundu

Bahari niliiona mara moja tu maishani, nikiwa tayari mtu mzima na mwalimu wa jiografia, na siku hiyo kilichonishika hakikuwa maji. Tulikuwa walimu wa sekondari kutoka nchi jirani, tumepelekwa pwani kwa mafunzo ya majuma machache. Mkufunzi wetu, mtu wa huko mwenye ndevu za mvi na suruali iliyokunjwa hadi magotini, alitupeleka kaskazini ya Malindi, kwenye matuta ya mchanga yaliyo karibu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini. Kwa miaka nilikuwa nimefundisha matuta hayo kutoka kwenye picha moja iliyofifia, nikidhani yana ukubwa wa vichuguu. Nikakuta vilima.

Mkufunzi alichukua sepetu akaanza kukata ubavu wa tuta mpaka likasimama kama ukuta. Chini kabisa mchanga ulikuwa mwekundu na mgumu. Juu yake ulikuwa mweupe. Katikati ya mweupe ule ulipita mkanda mweusi, mnene kama mkono wa mtu, wenye vijizizi vilivyooza, magamba ya konokono na vipande vidogo vya makaa. Akatuuliza mkanda ule ni nini. Tukabahatisha kama watoto, walimu wazima.

Alitueleza kwamba ile ilikuwa miaka ya mvua. Majani yaliota, yakaushika mchanga, yakaoza, yakawa udongo. Kisha ukaja ukame, au wakaja watu na mbuzi na moto, majani yakaondoka, mchanga ukaanza kutembea na kuufukia ule udongo. Mwekundu wa chini ulikuwa wa zamani mno, enzi bahari ilipokuwa mbali na pepo zikivuma kwa namna nyingine. Kisha akagusa tabaka la juu kabisa, lililokuwa na rangi ya hudhurungi.

"Huu haukuzaliwa hapa," akasema. "Umeshuka na mto kutoka bara, tangu watu wa juu walipofyeka vilima vyao. Wao walishasahau walichofanya. Sisi tunacho hapa."

Wenzangu walicheka, wakaenda kupiga picha. Mimi nilibaki pale nikamuuliza kama jambo hilo laweza kusomeka mahali pasipo na bahari. Akaniambia kwamba linasomeka popote ambapo kitu hulala juu ya kitu na mtu asikivuruge: chini ya ziwa, kwenye ukingo wa mto, hata miguuni pa mlima. Nikamshukuru. Usingizi haukunipata vizuri siku zile, kwa sababu tangu pale nilikuwa nawaza kijito cha kwetu, nje kidogo ya Koboko, karibu na mpaka wa Zaire na Sudan.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya kijito hicho, chini ya mteremko. Baba alikuwa mpishi wa jeshi. Alistaafu kabla mambo hayajaharibika, akafungua meza ya chumvi na sabuni sokoni, na kwa kiinua mgongo chake alifanya jambo moja la fahari: alimwaga sakafu ya saruji katika chumba kikubwa. Kuta zilikuwa za udongo kama za kila mtu, paa la nyasi kama la kila mtu, lakini chini palikuwa saruji, na wakati ikiwa bado mbichi aliizungushia mstari wa vizibo vya chupa ukutani kote, kwa urembo. Hakuna nyumba nyingine upande ule iliyokuwa na sakafu kama hiyo. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ilianguka. Wana wa kwetu waliokuwa jeshini walirudi na malori yamejaa viti vya watu, magodoro ya watu, hata milango ya watu. Baba aliwatazama wakipita akamwambia mama kwamba haya yatalipwa, na watakaolipa si hawa. Hakukosea. Mwaka uliofuata askari wengine walikuja kudai, na deni hawakuuliza ni la nani. Tulisikia vijiji vya ng'ambo vikichomwa. Mama alinifunga mzigo wa nguo mgongoni, akabeba unga na sufuria, tukaingia njia ya mpaka wa Zaire pamoja na nusu ya Koboko. Baba alibaki. Mama yake, bibi yangu, alikuwa amepooza miguu, na hakukuwa na wa kumbeba.

Hatukuwaona tena. Aliyevuka baada yetu alituambia tu kwamba nyumba za kando ya kijito ziliwaka zote asubuhi moja, na kwamba hakuna aliyerudi nyuma kuzika.

Tulikaa Zaire miaka mingi. Nilifulia watu nguo, nikasoma shule ya kanisa kwa Kifaransa kisha nikakisahau nusu yake, nikaolewa, nikaachika. Tuliporudi upande wetu tulianzia Arua, na huko nikasomea ualimu. Mama alipanga chumba mtaa wa Oli, karibu na mto, akawa anauza samaki wakavu kwenye gunia lililotandikwa chini. Hakutaka kufika Koboko mpaka aliposikia kwamba wengi wamerudi na hakuna tena milio ya risasi.

Siku tuliyokwenda hatukuitambua nchi. Miaka ile ya utupu vichaka vilikuwa vimepanda juu ya kila kitu. Nyasi zilimzidi mtu urefu, na mahali palipokuwa na soko dogo palikuwa na miti yenye viota. Walituambia swala walirudi, na mbung'o nao wakarudi pamoja nao. Mama alisimama njiani akasema kwa sauti ya kawaida, "Sisi tulikonda, udongo yetu ikanenepa."

Lakini kando ya kijito palikuwa pameshafyekwa. Palikuwa na mtu, mwanajeshi wa zamani aliyerudi kutoka Sudan kabla yetu, na shamba lake la tumbaku lilipanda mteremko wote. Alitupokea vizuri. Alituletea viti, akampa mama maji. Kisha akasema kwamba alipofika hapakuwa na nyumba, hapakuwa na alama, palikuwa na majani tu, na kwamba nyumba ya mpishi anavyoikumbuka ilikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye mawe.

Mama alimwambia kuhusu sakafu. Akacheka kwa adabu. Alisema angekuwa na sakafu ya saruji shambani mwake jembe lake lingeijua. Tulipoomba kuchimba akatuonyesha tumbaku iliyosimama: angeing'oa vipi?

Tulipeleka jambo hilo kwa baraza la kijiji. Wazee wa baraza walikuwa wenyewe wamerudi juzi, wengine wamekaa kwenye ardhi ambayo na wao hawakuwa na uhakika nayo, na hakuna aliyetaka mlango huo ufunguliwe sana. Wakauliza: iko alama gani? Mti? Kaburi? Hakukuwa na mti, na kaburi ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Wakasema basi mwenye kulima ndiye mwenye kukaa. Mama alirudi Oli kwenye samaki wake. Kwa miaka kadhaa hakulitaja jina la kijito mbele yangu.

Niliporudi kutoka pwani nilikuta nimehamishiwa shule moja ya Koboko. Sikuomba. Hivyo ndivyo walimu walivyotupwa wakati ule. Na nchi ilikuwa imegeuka tena. Watu walikuwa wamerudi wote na kila mmoja alihitaji nyumba, matofali ya kuchoma, mkaa, na kuni za kukaushia tumbaku. Kisha wakaja wakimbizi kutoka Sudan, maskini kama tulivyokuwa sisi, nao wakahitaji miti ya kujengea na kuni za kupikia. Vilima vilibaki uchi. Kila mvua iliponyesha kijito kilipita chekundu kama supu ya pilipili, na katika msimu ule wa mvua kubwa kilikula ukingo wake upande wa shamba la yule bwana, kikaacha ukuta wa udongo uliosimama wima.

Mtaala ulinitaka nifundishe matuta ya mchanga ya pwani: yanavyojengwa, yanavyohama, yanavyotunza habari za ukame na mvua za kale. Nilifundisha kwa picha ileile, wanafunzi wakapiga miayo. Nani angewalaumu? Basi nikawatoa nje. Nikawapeleka kijitoni, kwenye ule ukuta, nikawaambia wasome kutoka chini kama nilivyoambiwa mimi.

Chini kabisa palikuwa na mchanga mweupe wa mto, wa zamani. Juu yake udongo mweusi wa bustani wenye vigae vya vyungu. Kisha, kwa upana wa hatua kadhaa, jiwe bapa la kijivu. Juu ya jiwe jivu na makaa, juu ya makaa udongo ulioungua kama tofali, ambao ulikuwa ukuta wa nyumba kabla haujaanguka. Juu yake tabaka jembamba la kahawia lililojaa mizizi: miaka ya utupu, miaka ya swala. Na juu ya yote, mchanga mwekundu mnene, usio na mzizi hata mmoja, ulioshuka kutoka mteremkoni tangu sisi tuliporudi kwa furaha na majembe. Mwekundu ule ulikuwa mnene kuliko tabaka la moto. Hilo nililiona kwanza kama mwalimu, na liliniuma hata kabla sijaelewa nilichokuwa nikikitazama. Vita vilituachia alama yenye unene wa vidole vinne. Sisi wenyewe, kwa miaka michache ya amani, tulikuwa tumeweka mkono mzima.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele alipangusa lile jiwe la kijivu kwa kiganja akasema si jiwe, ni simiti. Pembeni, lilipokutana na udongo ulioungua, palikuwa na kizibo cha chupa, kimeliwa na kutu, kimekaa ndani yake kama jino. Pembeni yake kingine. Na kingine.

Niliwarudisha wanafunzi darasani. Sijui niliwaambia nini njiani.

Mama alikuja Jumamosi iliyofuata. Alishuka ukingoni kwa makalio, kwa sababu magoti yalikuwa yamemkataa, akakaa juu ya mchanga mbele ya ile sakafu. Hakulia. Alipitisha kidole kwenye vizibo kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Nilimuambia, simiti haina miguu, wacha, itakungoja," akasema. "Yeye akasema, hata mama yangu iko bila miguu."

Halafu akaniuliza kitanda cha bibi kilikuwa upande gani, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mke wa nyumba ile. Nikamwonyesha: upande wa ndani, ambako ukuta wa udongo ulikuwa bado umeifunika sakafu na shamba likianza juu yake. Akasema hataki shamba. Alitaka kuchimba pale pole kwa mikono, waonekane kama wako, waoshwe, sheikh aje, wasaliwe, wafunikwe. Baada ya hapo tumbaku ipandwe hata juu ya vifua vyao kama Mungu amependa.

Nilikuwa na jembe la shule. Tungeweza kuanza saa ileile. Lakini mama alikuwa mtu wa utaratibu, na mimi mwalimu, na sote wawili tulikuwa tumeishi vya kutosha kuogopa kusemwa kwamba tulichimba shamba la mtu bila ruhusa. Tukaenda kwa mwenyekiti wa baraza. Alitusikiliza, akashtuka kwa kweli, nadhani, akasema hili ni jambo kubwa, lina maiti ndani yake, asiguse mtu yeyote mpaka baraza zima lije kuona. Lingekuja mvua zikipungua. Tukakubali.

Yule bwana wa shamba alikuja shuleni siku chache baadaye. Alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, kwa hiyo alipita moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, na baada ya muda nikaitwa. Hakunigombeza. Alisema pole kuhusu mzee wangu. Alisema na yeye alikuta nyumba yake imekuwa majani, na ndugu zake wawili hawajui walianguka wapi, na hajawahi kumchimbia mtu shamba.

"Mwalimu, sisi wote tulikuta majani tu," akasema. "Ukianza kuchimba hapa, wapi utasimama?"

Hata leo linalonikasirisha zaidi ni kwamba mtu aweza kuwa na nusu ya haki na bado akalala juu ya mifupa ya baba yako.

Alipoondoka, mwalimu mkuu alifunga mlango. Alisema wazazi wamelalamika kwamba watoto wanarudi nyumbani wakiuliza nani alichoma nini, na hapa kila nyumba ina mtu aliyechoma na mtu aliyechomewa, wakati mwingine ni mtu mmoja. Kazi yangu ilikuwa kumaliza mtaala.

"Imeandikwa pwani, fundisha pwani," akasema. "Mchanga wa bahari hauna ndugu hapa."

Nikarudi darasani nikafundisha pwani.

Mvua zilipoanza kupungua, malori yalikuja. Wakati huo Koboko yote ilikuwa inajengwa, na mchanga wa mto ulitafutwa kama chumvi. Yule bwana aliwaruhusu wachukue kwenye ukingo wake. Wachimbaji hawakuhitaji sakafu wala udongo mwekundu. Walitaka mchanga mweupe wa chini, basi walichimba chini, wakaingia kama panya kwenye mkate, na ukingo wote ukakatika na kuwaangukia miguuni. Mapande ya saruji waliyakusanya. Yanafaa kwa msingi.

Niliambiwa na wanafunzi. Nilikimbia na chaki mkononi. Nilikuta shimo lenye maji mekundu, na vijana wawili wamekaa ukingoni wakila mihogo. Niliwauliza kama waliona mifupa. Mmoja akasema waliona mifupa, ndiyo, lakini mifupa iko mingi kila mahali hapa, ya ng'ombe, ya mbuzi, nani anajua? Ilikwenda na mchanga.

Baraza lilikuja, kama lilivyoahidi, mvua zilipopungua. Wazee walisimama juu ya shimo na fimbo zao. Yule bwana alisimama pamoja nao, kofia mkononi. Mwenyekiti aliniomba nionyeshe. Nikaonyesha maji. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya Idi na amebeba chini ya kwapa kitambaa cheupe kilichokunjwa, na alirudi nacho Oli kikiwa vilevile.

Mchanga ule ulikwenda wapi nilikuja kujua muhula uliofuata. Yule bwana alikuwa ametoa lori kadhaa za mchanga ule kwa shule, na kamati ilimpigia makofi. Likajengwa darasa jipya, refu, lenye madirisha ya chuma, na mwalimu mkuu akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa mwandamizi. Sijui kama aliona alichokuwa anafanya. Nilifundisha humo mwaka mmoja na nusu. Wakati wa mitihani swali la matuta lilitoka, na wanafunzi wangu walilijibu vizuri kuliko swali lolote: ukanda mweusi ni majani, mchanga mweupe ni ukame, mchanga wa juu umetoka bara. Nilipongezwa mbele ya walimu wote. Yule msichana aliyepangusa saruji hakuwepo. Alikuwa ameolewa.

Niliomba uhamisho nikaenda Arua. Mama aliishi miaka michache baada ya hapo. Alianza kusahau mambo, lakini hakusahau lile: alikuwa akiniuliza kwa nini tulingoja, na mimi nilikuwa namwambia tuliambiwa tungoje. Alikuwa akikubali, kisha baada ya muda kidogo akiniuliza tena. Alipougua sana tulimpeleka hospitali ya Kuluva, wakatuambia ukweli, tukamrudisha Oli.

Alikufa wakati wa kiangazi. Hatukuwa na ardhi ya kumzika. Ndugu zake wa Aroi, vijijini karibu na Arua, wakulima, Wakristo, ambao hawakumsemesha sana tangu alipoolewa na Mwislamu wa Koboko, walisema aje. Walitoa mahali kwenye mpaka wa shamba la mihogo. Sheikh alitoka mjini kwa baiskeli. Wajomba walisimama nyuma wakati wa sala, kofia mikononi, wakitazama chini.

Mchana, watu walipokuwa wamekaa, pikapu ilisimama barabarani, akashuka yule bwana wa Koboko. Alikuwa amezeeka. Alileta gunia la unga na mbuzi mmoja, akanipa mkono, akasema alisikia kwa redio ya watu, yaani midomo. Aliketi miongoni mwa wajomba zangu na hakuna aliyemjua ni nani. Walimpa kiti kizuri.

Nilisimama na lile gunia miguuni. Nilifikiri kulirudisha kwenye pikapu mbele ya wote na kusema kwa nini. Lakini watu walikuwa wametoka mbali, watoto walikuwa na njaa, na wajomba hawakuwa na kitu. Mke wa mjomba mmoja alikuja akauliza unga huu ni wa wapi.

Nikamwambia umetoka Koboko, kwa jirani. Akaufungua, akauonja kwa ulimi, akasema ni unga mzuri. Ukapikwa, tukala.